Maneno ya Mfanya Mazingaombwe: Historia ya Istilahi Tusiyokuwa Nayo

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa tafsiri ya kitabu kidogo cha watoto ili niisahihishe. Ndani yake mlikuwa na bwana mmoja aliyevaa kofia ndefu nyeusi, ambaye anamtoa sungura kofiani mbele ya watoto waliokusanyika kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao. Mfasiri, ambaye hakuwa mvivu wala mtu wa kubahatisha, alimwita bwana huyo "mchawi" tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na maneno aliyoyasema kabla ya kumtoa sungura akayaita "maapizo". Kwa hiyo mtoto wetu, aliyefungua kitabu ili acheke, angekuta mchawi amealikwa nyumbani mwa watu na anaapiza mbele ya keki. Nilipomweleza mfasiri hayo alikubali mara moja. "Mchawi nitamwondoa, Mwalimu," alisema, "lakini yale maneno yake nitayaitaje?" Sikuwa na jibu. Makala hii ni jaribio la kumjibu, ingawa nimechelewa.

Swali la mchawi halina uzito mkubwa kwa upande wa lugha. Kiswahili kina maneno mawili yaliyokomaa, kiinimacho na mazingaombwe, na yote mawili yamo katika kamusi zetu na vinywani mwa watu. Wengi wetu tuliosoma shule za msingi zamani twamkumbuka mfanya mazingaombwe aliyepita na sanduku lake, akatoza kila mtoto senti chache, kisha akatoa kinywani utepe usiokwisha. Tulimwogopa kidogo, lakini tulijua kwamba tumelipa kiingilio, na mchawi hatozi kiingilio.

Ugumu umo katika swali la pili. Mfanya mazingaombwe hafanyi kazi kwa mikono peke yake. Tangu anapojitokeza husema: husalimu, hutania, husimulia kisa, huuliza watazamaji maswali, hutamka neno la ajabu, hulalamika kwamba leo mambo hayaendi vizuri. Maneno hayo yote kwa jumla Waingereza huyaita 'patter' na Wafaransa 'boniment'. Wafasiri wetu, kila wanapokutana na dhana hii, aghalabu hutumia mojawapo ya maneno manne: porojo, soga, domo, au mbwembwe. Ukiyapima utaona kwamba yote yanatoa hukumu ya namna moja, yaani kwamba maneno haya ni ziada, kelele inayoizunguka kazi yenyewe. Je, hukumu hiyo ni ya haki? Ili kuijibu hatuna budi kuifuata historia ya sanaa hii huko Ulaya, ambako maandishi yake yamehifadhiwa kwa muda mrefu.

Tuanze na jina lenyewe. Neno 'patter' lilitokana na maneno mawili ya Kilatini yanayofungua sala ya Baba Yetu, Pater noster. Katika Zama za Kati sala hiyo ilisemwa kwa Kilatini na watu wengi wasiokijua Kilatini, na walioisema kwa haraka walisikika kama wanaotoa mlio tu. Hivyo kitenzi kikazaliwa: kusema upesi upesi bila akili kufuata ulimi. Baadaye kilihamia sokoni. Henry Mayhew, aliyechapisha mwaka 1851 uchunguzi wake mkubwa juu ya watu wa mitaani wa London, aliandika habari za kundi zima la wachuuzi walioishi kwa ulimi, ambao bidhaa yao ilikuwa karatasi yenye habari za mauaji au dawa ya kutoa madoa, lakini walichouza hasa ni namna ya kuinadi. Hao aliwaita kwa jina lililotokana na kitenzi hicho hicho. Tangu altareni hadi mnadani, na tangu mnadani hadi jukwaani, hiyo ndiyo safari ya neno hili.

Kilatini kisichoeleweka kilizaa pia neno jingine maarufu. Mwaka 1655 Thomas Ady, mwandishi wa Kiingereza aliyepinga mauaji ya watu walioitwa wachawi, alisimulia habari za mtu mmoja wa enzi ya Mfalme James aliyezunguka akifanya viinimacho na kujiita Hocus Pocus, kwa kuwa katika kila mchezo alitamka mfuatano wa maneno yanayofanana na Kilatini na kuanza na hayo mawili. Ady hakuficha kazi ya maneno hayo: yalitupwa ili kuyapofusha macho ya watazamaji, mchezo upite bila kugunduliwa. Karne hiyo hiyo John Tillotson, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alidhani kwamba maneno hayo ni upotoshaji wa yale yanayosemwa na padri wakati wa misa. Dhana hiyo hurudiwa mpaka leo, lakini asemaye alikuwa Mprotestanti akibishana na Wakatoliki, na mwanaleksikografia mwangalifu ataiweka pembeni kama dhana.

Tofauti na hilo, 'abracadabra' halikuzaliwa jukwaani. Linapatikana katika kitabu cha tiba cha Mrumi Serenus Sammonicus, ambaye aliagiza neno hilo liandikwe mara nyingi, kila mstari ukipungua herufi moja, kisha karatasi ifungwe shingoni mwa mgonjwa wa homa. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo zaidi, kwani hiyo ni hirizi. Karne nyingi baadaye neno lile lile likasemwa na mtu aliyevaa koti la jioni ili kuwachekesha watu waliolipa. Herufi hazikubadilika hata moja, ila aliyelisema, na waliolisikiliza, walikuwa wamekubaliana jambo jingine.

Makubaliano hayo hayakupatikana kwa urahisi. Mwaka 1584 Reginald Scot, bwana wa mashamba katika jimbo la Kent, alichapisha kitabu kinachofichua upuuzi wa mashtaka ya uchawi. Wakati huo sheria ya mwaka 1563 ilikuwa ikitumika, na watu, wengi wao wanawake wazee na maskini, walikuwa wakinyongwa kwa ushahidi wa majirani. Scot aliona kwamba baadhi ya yanayoitwa miujiza ya mashetani ni ustadi wa mikono, na ili kuthibitisha hoja yake alijifunza ustadi huo kwa wenyewe, akiwemo Mfaransa mmoja aliyeishi London, akaueleza waziwazi: jinsi kijipira kinavyofichwa kati ya vidole, jinsi kisu kinavyoonekana kupenya mkono. Sura zile huhesabiwa miongoni mwa maelezo ya mwanzo kabisa ya kiinimacho yaliyochapishwa kwa Kiingereza. Nasi tunaposhughulika na istilahi yafaa tuangalie kwamba Scot hakuishia kwenye vidole. Aliandika pia maneno ya kusemwa wakati wa mchezo, mchanganyiko wa Kilatini kibovu na Kiingereza cha mtaani, kwa sababu alijua kwamba mchezo usio na maneno yake haujaelezwa wote.

Tena aliweka mpaka. Kwa maoni yake, mchezo unaofanywa kwa ajili ya furaha, na mchezaji asijidai kuwa na uwezo wa kimungu, ni jambo la halali na la kupendeza. Ukifanywa kwa kudai uwezo huo, unageuka kuwa udanganyifu wa kulaumiwa. Mpaka huo hauwezi kuonekana katika mikono, kwani mikono hufanya jambo lile lile katika hali zote mbili. Unaonekana katika maneno tu. Mfalme James wa Scotland, katika kitabu chake juu ya mashetani cha mwaka 1597, alimshambulia Scot kwa jina, na alipokalia kiti cha enzi cha Uingereza sheria ilikazwa mwaka 1604. Ilichukua hadi mwaka 1735 kwa Bunge la huko kufuta kosa la kuwa mchawi na kuweka mahali pake kosa la kujidai kuwa na nguvu za uchawi. Sheria ilikuwa imehama kutoka kwenye jambo lisiloweza kuthibitishwa hadi kwenye usemi, ambao mashahidi wanaweza kuusikia.

Mwaka 1634 kilitoka kitabu kidogo kilichochukua mengi ya Scot, safari hii kwa faida ya wale wanaotaka kucheza. Mwandishi wake anataja mambo manne ambayo mchezaji hana budi kuwa nayo: ujasiri usio na haya, wepesi wa mikono, maneno mageni yenye mkazo, ya kuipamba kazi na kuwastaajabisha watazamaji, na ishara za mwili zitakazoyavuta macho yao mbali na mahali pa siri. Naomba wafasiri wenzangu waisome orodha hiyo mara mbili. La tatu na la nne yametengwa. Maneno yana kazi yao, ambayo ni kustaajabisha, na kuvuta macho pembeni kumepewa mwili. Jambo hili litatufaa tutakapofika kwenye istilahi.

Mtu aliyeupa usemi wa kiinimacho heshima yake kamili alikuwa fundi saa. Jean-Eugène Robert-Houdin alizaliwa Blois, Ufaransa, mwaka 1805, na mwaka 1845 alifungua ukumbi mdogo wa maonyesho katika Palais-Royal mjini Paris. Aliondoa makanzu yenye nyota na meza zilizofunikwa hadi chini, akavaa kama wageni wake walivyovaa, akasema nao kwa lugha ya sebuleni. Alishikilia kwamba mfanya kiinimacho ni mwigizaji anayeigiza nafasi ya mwenye nguvu za ajabu, na katika kitabu chake cha mwaka 1868 akayaeleza maneno ya mchezo kuwa ni kisa kilichotungwa ili kuupa kila mchezo sura ya ukweli. Kwake maneno yalikuwa vazi ambalo mchezo hauwezi kutoka nje bila ya kulivaa.

Mfano wake bora ni wa mwaka 1847. Mwaka mmoja kabla, habari za etha, dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie maumivu ya kupasuliwa, zilikuwa zimeenea duniani, na magazeti yalikuwa hayana habari nyingine. Robert-Houdin alikuwa na mchezo ambamo mwanawe mdogo anaegemezwa mkono juu ya fimbo na mwili wake unabaki umelala hewani. Ufundi wa mchezo huo ulikuwa chuma kilichofichwa. Lakini yeye alijitokeza kama mtaalamu, akaeleza kwa utulivu kwamba amegundua sifa mpya ya etha: ikivutwa kwa wingi, mwili huwa mwepesi kama puto. Chupa ikapelekwa puani mwa mtoto, na nyuma ya jukwaa etha halisi ikamwagwa juu ya chuma cha moto ili harufu iwafikie watu vitini. Wapo waliomhurumia mtoto na kumlaumu baba kwa kuiharibu afya yake. Hakuna anayemhurumia mtoto aliyeshikiliwa na kipande cha chuma. Lawama zile zilisababishwa na maneno peke yake. Je, hiyo ni porojo?

Hata hivyo mfano unaotuhusu zaidi, sisi tunaofasiri, ni wa Algeria, na hauna furaha ndani yake. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa, iliyokuwa imeivamia nchi hiyo tangu mwaka 1830, ilimwomba Robert-Houdin aliyekwisha kustaafu aende Algiers kushindana na walii waliokuwa wakiheshimiwa kwa karama zao na kuhofiwa na watawala kuwa wachochezi wa uasi. Alikuwa na kisanduku kidogo chenye chuma kitakoni, nacho kiliwekwa juu ya sumaku ya umeme iliyofichwa jukwaani. Umeme ukifungwa, hakuna awezaye kukiinua. Ukikatwa, mtoto hukibeba. Mjini Paris ajabu ilikuwa ya kisanduku, kama jina la mchezo lilivyoonyesha: mara chepesi, mara kizito. Algiers alibadili maneno tu. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alimwita jukwaani mtu mwenye nguvu, akamwacha ainue kisanduku kwa urahisi, kisha akamtangazia kwamba sasa anamwondolea nguvu zake. Mtu yule alivuta asiweze, na umeme ukapitishwa kwenye mpini hadi akapiga kelele. Ajabu ilikuwa imehamishwa kutoka kisandukuni hadi mwilini mwa mtu, na aliyeihamisha ni ulimi, kwa kuwa waya na chuma vilikuwa vile vile.

Ulimi huo, kwa kweli, haukuwa wake peke yake. Hadhira ilisema Kiarabu, na wakalimani walikuwa wamewekwa kati ya watu ili wawaelezee yanayosemwa. Robert-Houdin anasimulia kwamba baada ya maonyesho wakalimani hao, pamoja na wote walioshughulika na wenyeji, waliagizwa wawaeleze watu kwamba miujiza ile haikuwa na uhusiano na uchawi, bali ilitokana na ustadi wa sanaa fulani. Sanaa hiyo aliitaja kwa neno la Kifaransa lenye maana ya wepesi wa vidole, ambalo lilikuwa limeundwa katika karne hiyo hiyo ya 19. Tutafakari hali ya mkalimani yule. Usiku alitumwa afasiri tishio kama tishio. Asubuhi akatumwa atafute neno litakaloligeuza tishio hilo kuwa mchezo. Habari hizi tunazipata kwa mdomo wa mshindi, naye hakuwa mtu wa kujinyima sifa, kwa hiyo hesabu yake ya walioshangaa na waliosadiki tuipokee kwa tahadhari. Lakini agizo lenyewe laonyesha kwamba hata jeshi lilitambua kuwa bila istilahi mpaka wa Scot haupo.

Yaliyofuata twaweza kuyapita haraka. Mwaka 1876 mwanasheria wa London, Angelo Lewis, alichapisha kwa jina la Profesa Hoffmann kitabu kikubwa cha mafunzo, na humo akaonya kwamba mchezaji asiwaambie kamwe watazamaji mapema jambo atakalolifanya, wala asirudie mchezo ule ule usiku mmoja. Maonyo yote mawili yahusu kile mtazamaji anachokijua kabla ya kutazama, na hicho huongozwa na maneno. Wapo pia waliochagua kunyamaza. Mmarekani William Robinson aliishangaza Uingereza tangu mwaka 1900 akijifanya Mchina aitwaye Chung Ling Soo, na kwa kuwa Mchina wake hakujua Kiingereza hakusema neno jukwaani. Usiku wa tarehe 23 Machi 1918, huko Wood Green, London, bunduki ya mchezo wa kudaka risasi ililipuka kweli, na watazamaji wakamsikia kwa mara ya kwanza akiomba kwa Kiingereza safi pazia lishushwe. Alifariki siku iliyofuata. Ukimya wake wa miaka yote ile ulikuwa usemi, maana ndio uliowasadikisha watu kwamba wanamwona mtu wa mbali.

Sasa turudi kwetu. Sheria ya Uchawi tuliyorithi Tanzania, iliyotungwa mwaka 1928 chini ya utawala wa Waingereza, humtia hatiani mtu ambaye kwa maneno au matendo yake anajionyesha kuwa na uwezo wa uchawi. Nayo haikubaki karatasini katika nchi isiyojua machungu ya jambo hilo: huko Usukumani, tangu miaka ya 1970, wazee wengi, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na kwa baadhi yao ushahidi ulikuwa macho yaliyogeuka mekundu kwa moshi wa kuni. Katika nchi ya namna hiyo mtumishi wa serikali anayeandika kibali cha maonyesho, na mwalimu anayefafanua kitabu darasani, hawana uhuru wa kuliandika neno "mchawi" kwa sababu tu kamusi ya lugha mbili imeliweka mbele. Na "maapizo" ni hivyo hivyo. Apizo ni laana, na nuizo ni la mganga. Yote mawili yana nia, na nia ndiyo asiyokuwa nayo bwana mwenye sungura.

Kuhusu istilahi basi, nayaondoa kwanza maneno manne ya desturi. Porojo na soga hayana lengo, hali maneno ya jukwaani yana lengo katika kila silabi. Domo ni majivuno. Mbwembwe lakaribia, lakini lahusu madoido ya mwili kuliko usemi, nami ningelihifadhi kwa vile vitendo vya kuchezesha karata vidoleni kabla ya mchezo kuanza. Baadhi ya wenzetu wamenipendekezea pumbazo, kutokana na kupumbaza, kama mama anavyompumbaza mtoto asilie. Ni neno zuri, lakini tukumbuke orodha ya 1634. Pumbazo ni lile jambo la nne, kuvuta macho na fikira pembeni, liwe kwa mkono, kwa jicho au kwa mzaha. Basi tulipe kazi hiyo. Tukilipachika kwenye maneno yote ya mchezo tutakuwa tumesema, pamoja na Thomas Ady, kwamba hayana kazi nyingine ila kupofusha, na tutashindwa kuielezea etha ya Paris na kisanduku cha Algiers, ambamo maneno hayakuyageuza macho popote, bali yaliyaambia yanachokiona.

Kwa dhana yenyewe napendekeza tuseme maneno ya kiinimacho. Ustadi wa kuyatunga na kuyatamka tuuite usemaji wa kiinimacho, na tamko moja la ajabu, la aina ya 'abracadabra', tuliite neno la kiinimacho. Najua litakalosemwa: kwamba huo ni ufafanuzi, si istilahi, na kwamba kamati hupenda neno moja. Mimi nami hulipenda neno moja linapopatikana. Lakini kiinimacho ni neno lililoundwa kwa kiini na macho, kwa hiyo laitaja sanaa hii kwa kiungo cha mtazamaji. Tukiliambatanisha na maneno tumepata macho ya mmoja na kinywa cha mwingine, na hakuna aliyetuhumiwa. Mfasiri wa sungura atakuwa na urefu wa silabi chache zaidi katika mstari wake, na mchapishaji huenda akanung'unika.

Lipo bado jambo moja ambalo halijafanywa. Wafanya mazingaombwe wetu wenyewe, wale wa viwanja vya sabasaba na wa mashuleni, ni watu wa kazi, na watu wa kazi huwa na maneno yao wanayoambiana wakati hadhira haipo. Msomaji aliye karibu nao, Tanga, Mwanza, Mombasa au Bujumbura, na amwulize mmoja wao huyaitaje yale anayoyasema kabla ya kufunua kikombe, kisha atuletee jibu pamoja na sentensi lilimotumika. Likipatikana neno la namna hiyo, mapendekezo yangu yatalipisha njia.